Bisibisi Sikioni

Spana huja baadaye. Kwanza fundi humwambia kijana wake apige stata, na injini ikishatulia huchukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaiegemeza kwenye bloku, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Sisi wenye magari tuliokaa kwenye benchi chini ya mwarobaini hunyamaza. Hata yule ndugu yetu anayeweza kubishania Isuzu na Toyota kutwa nzima hunyamaza. Bisibisi inahama kutoka silinda ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu. Hapo kwenye ya tatu inakaa. Fundi anafungua macho, anamwambia kijana, "Zima," kisha anakwenda kunawa mikono kabla ya kumwambia mwenye gari neno lolote.

Nimekuwa nikienda kwenye gereji hiyo ya Bagamoyo kwa miaka kumi na moja. Ni mabati machache juu ya nguzo za boriti, shimo moja la kuingilia chini ya gari, meza nzito yenye jiliwa, na sanduku la mbao ambalo kila spana ina mahali pake ndani yake. Mji huu unasifiwa kwa milango ya nakshi na majahazi, na unastahili. Lakini watu wanaokwenda kuitazama milango hiyo hupita mbele ya gereji hii bila kugeuza shingo, na ninaamini wanapitwa na ufundi ulio wa ukoo uleule.

Gari langu ni Hilux yenye injini ya 3L. Mwenye pikapu yeyote wa pwani hii, kuanzia Bunju mpaka Pangani, jina hilo fupi linamtosha. Ukoo wake anaujua: 2L yenye cc 2,446, 3L yenye cc 2,779, kisha 5L yenye cc 2,986, zote za silinda nne. Pistoni ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, na safari yake ya kupanda na kushuka nayo ni milimita 96 hizohizo. Kaka yao mkubwa ni 1HZ, silinda sita, cc 4,164, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Hiyo ndiyo injini ya mkonga, Land Cruiser ambayo bomba lake la hewa limepandishwa ubavuni mpaka juu ya kioo kama mkonga wa tembo.

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inaingia kwenye silinda, pistoni inaibana mpaka inabaki sehemu moja kati ya ishirini na mbili za ujazo wake wa mwanzo, na hewa iliyobanwa kiasi hicho huwa ya moto hata mafuta yakipuliziwa ndani yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel aliionyesha dunia injini ya namna hiyo ikifanya kazi huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Kwenye 3L na 1HZ mafuta hayapuliziwi juu ya pistoni moja kwa moja. Hupuliziwa kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya hedi, moto unaanzia humo, kisha unatoka kwa kishindo kilichokwisha kupunguzwa makali. Kwa hiyo nozeli haihitaji nguvu kubwa, hufunguka kwenye mgandamizo wa bar 150 hivi. Mwenye gari hulipa kwa nguvu pungufu na mafuta mengi kidogo. Anachopata ni injini ambayo mkono wa binadamu unaweza kuikaribia ikiwa hai.

Siku ile ya silinda ya tatu, fundi alipomaliza kunawa aliiwasha tena. Akachukua spana ya 17, akalegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza. Dizeli ikatiririka nje, injini ikayumba. Akaikaza, injini ikarudi. Ya pili, ikayumba vilevile. Ya tatu akailegeza, na hakuna kilichobadilika. Kuikatia mafuta silinda ile ilikuwa sawa na kumfukuza kazini mtu ambaye hajafika kazini. Bado hakusema kitu. Alizima, akang'oa nozeli ya tatu akaipeleka ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu, kisha akarudia mchezo ule wa nati. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na nozeli. Ungebaki palepale, tungekuwa tunazungumzia ringi au valvu, na mwenye gari angelazimika kuuza mbuzi. Sasa ilikuwa habari ya nozeli moja tu.

Aliifunga nozeli ile kwenye kifaa chake cha mezani, akakandamiza mkono wa kifaa. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba na sauti kali ya kukwaruza. Hii ilitoa mchirizi, kisha tone likaning'inia kwenye ncha. "Inakojoa," alimwambia kijana, na kijana akasogea kuangalia. Hilo ndilo darasa. Sijawahi kumsikia akitoa hotuba ndefu kuliko hiyo.

Naona uzuri wa aina ya pekee katika mpango huu. Alianza na sikio, akathibitisha kwa spana moja, akahamisha kitu kimoja tu, akahitimisha kwa jicho. Hakufungua kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kufunguliwa. Nimekaa kwenye gereji nyingine, Dar es Salaam na kwingineko, nikaona hedi ikishushwa kwa sababu tu injini inatoa moshi. Kumbe moshi nao una lugha. Ule mweusi unasema mafuta ni mengi au hewa ni kidogo, na mara nyingi tiba yake ni chujio la hewa. Wa buluu ni wa oili inayoungua. Mweupe ni dizeli isiyowaka, au maji yamepata njia ya kuingia yasikotakiwa. Fundi huyu huushikia kiganja, akanusa, kisha akafungua kifuniko cha oili na kukilaza kinyumenyume juu ya tundu lake huku injini ikinguruma. Kikitulia, ringi zina afya. Kikirukaruka, silinda zinavuja, na hapo ndipo anapoanza kuzungumza kwa upole, kama daktari mwenye habari nzito.

Kwenye benchi kuna baraza. Yupo mwenye Hilux inayopeleka samaki Dar es Salaam alfajiri, yupo anayebeba chumvi kutoka Nunge, yupo wa mananasi ya Kiwangwa, yupo dereva wa mkonga anayepeleka watalii Saadani. Siku hizi yupo pia mkandarasi kijana mwenye Hilux ya D-4D, na ujio wake umeinogesha baraza. Hoja yake ni nzito. Injini yake ina cc 2,982, karibu sawasawa na 5L, lakini nguvu zake zinazidi za 5L kwa zaidi ya nusu. Kwenye zile kilomita 64 za kwenda Msata anawapita wote akiwa na saruji nyuma. Inanguruma kwa utulivu na moshi wake hauonekani. "Wazee mnashabikia uchovu," aliwahi kutuambia.

Mzee wa mananasi alimjibu taratibu. "Mwanangu, mimi sishindani na mtu barabarani. Nanasi halina haraka kama yako. Mimi nataka gari likiumwa liniambie mapema, nimalize msimu."

Nadhani mzee aligusa kiini. Injini ya zamani huumwa polepole na kwa kelele. Nozeli ikichoka utasikia mgongano wiki kadhaa kabla, ringi zikiisha utaona moshi miezi kabla. Ile ya kisasa imejaa vitambuzi na kompyuta inayorekebisha kasoro ndogo kimyakimya, mpaka siku inaposhindwa kurekebisha. Mgandamizo wa mafuta ndani yake unapita bar 1,500. Ule mchezo wa kulegeza nati haufanyiki kwake kabisa, kwa sababu mchirizi wa dizeli wenye nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na kidole kinaweza kukatwa hospitali. Kijana mgeni aliyezoea 3L akiisogelea D-4D inayowaka akiwa na spana ya 17, fundi humvuta kwa ukosi wa ovaroli.

Lakini fundi mwenyewe haidharau. Anasema injini mpya si mbaya, ila haisamehi. Zina washa za shaba chini ya nozeli, ndogo kama sarafu. Zikivuja, moshi wa silinda hushuka kwenye oili, oili ikazaa masizi, masizi yakaziba chujio la chini ambalo pampu ya oili inanyonyea, na injini ikafa kwa kiu huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Kwa hiyo mkandarasi akileta gari kwa kumwaga oili, fundi huichunguza oili iliyotoka kwa vidole viwili, akitafuta chembe. Hana kompyuta ya kuisoma gari hiyo, na hilo hulisema waziwazi. Akifika mwisho wa anachojua, humtuma mwenye gari Dar es Salaam na kumwandikia kwenye karatasi alichoona.

Nirudi kwenye gari langu, maana lilinifundisha mengi kwa gharama yangu. Mwaka mmoja lilianza tabia ya kugoma likiwa la moto. Asubuhi linawaka mara moja. Nikisimama Mapinga kununua kitu, injini ikiwa ya moto, napiga stata mpaka betri inachoka. Niliambiwa ni betri, nikanunua. Niliambiwa ni stata, ikafumuliwa. Nilipomfikia fundi huyu aliniuliza swali moja tu: "Likipoa linawaka?" Nikasema ndiyo. Akaiendesha mpaka ikapata moto, akaizima, akasubiri ikagoma. Kisha akachota maji baridi kwenye ndoo, akaimwagia pampu ya dizeli taratibu, akaniambia nipige. Ikawaka.

Pampu za injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Chuma kikishalika, dizeli ikipata moto na kuwa nyepesi hupenya kwenye mianya, mgandamizo ukapungua, nozeli zisifunguke. Maji baridi hubana chuma na kuifanya dizeli kuwa nzito tena kwa dakika chache. Na ni kitu gani kinachokula pampu ya namna hiyo? Mafuta ya taa. Wenye magari wa rika langu wanaikumbuka miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli na baadhi ya wauzaji wakayachanganya. Mafuta ya taa yanawaka vizuri tu ndani ya dizeli, lakini hayalainishi. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili ile tofauti ya bei iliyokuwa inawashawishi watu iondoke. Gari langu lilikuwa limeshakunywa. Kila ninapokumbuka ile ndoo ya maji naona uelewa mzima wa pampu ukiwa ndani yake, pamoja na historia ya miaka kadhaa ya nchi hii.

Kisa cha pili ni cha thamostati. Fundi mmoja niliyekuwa namtumia zamani aliing'oa akaitupa, akisema huku ni joto na injini inataka maji yazunguke muda wote. Imani hiyo imeenea pwani yote na wengi wanaishika kwa nia njema. Gari likaendelea kuchemsha. Kwenye injini hizi thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, kisahani chake cha chini hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele, na sehemu ya maji huzunguka humo ndani yakiwa ya moto yaleyale. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinakataza kuitoa hata kama injini ina mwelekeo wa kuchemsha. Fundi wa Bagamoyo alininunulia nyingine, na kabla hajaifunga aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akatuonyesha inavyofunguka maji yalipofikia joto lililochapwa juu yake. Alitaka nione. Sijui mafundi wangapi wanaona mteja ni mtu wa kuonyeshwa.

Joto ndilo adui wa hedi za ukoo huu, hasa kati ya tundu la valvu moja na jingine, chuma kinapokuwa chembamba. Yangu ilishushwa mara moja, na siku ile nilikaa gereji kutoka asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Hedi ilipelekwa Dar es Salaam kusawazishwa uso kwa mashine na kupimwa nyufa. Iliporudi nilidhani kilichobaki ni kuweka gaskiti na kufunga. Kumbe gaskiti ya hedi ya 3L inatengenezwa kwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na tofauti kati ya moja na nyingine ni sehemu ya kumi ya milimita. Huwezi kujua yako ni ipi mpaka upime kila pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku inapofika kileleni. Alizipima zote nne, kila moja mahali pawili, akaandika kwa chaki kwenye ubao. Dukani Gerezani muuzaji anaweza kukupa yoyote, na wengi hufunga yoyote. Ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, hewa haibanwi vya kutosha na gari litasumbua kuwaka. Ikiwa nyembamba mno, pistoni itakaribia hedi kuliko ilivyokusudiwa.

Kisha akakaza bolti, akianzia katikati na kwenda nje kwa zamu, kwanza kwa spana yenye kipimo, baadaye robo mzunguko, na tena robo mzunguko. Kila bolti aliipiga alama ya rangi nyeupe ili aone kwa macho kwamba imezunguka. Hakuna aliyemsimamia. Mimi nisingejua kama angeruka hatua.

Hapo nilikumbuka kalafati. Ukishuka ufukweni Bagamoyo utawakuta mafundi wa majahazi wakishindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye viungo vya mbao, nyundo na patasi butu, pigo kwa pigo, urefu wote wa chombo. Chombo kikishapakwa deheni chini, hakuna atakayeiona ile pamba. Bahari ndiyo itakayoikagua. Fundi wangu alijifunza dizeli kwenye injini za boti huko Mbegani kabla ya kuhamia kwenye magari, na mara kwa mara husema injini ya boti haina pembeni pa kuegesha. Nadhani ndiyo sababu anaifunga Hilux ya mananasi kama chombo kinachovuka kwenda Unguja.

Ana ukali kwenye mambo madogo. Mkanda wa taimingi kwake hauna mjadala. Taa ya dashibodi huwaka kilomita 100,000 zikitimia, lakini mita za magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika zinaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo yeye huandika kwa rangi tarehe na kilomita kwenye kifuniko cha mkanda kila anapobadilisha. Mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na hakuna kitakachotangulia kukuonya. Ndicho kitu pekee kwenye injini hizi kinachokufa kimya. Mwenye samaki na mwenye chumvi huwagombeza kwa jambo jingine, kwani maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye bodi hula chesisi na nyaya za ati, na tiba yake ni maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, kila jioni, chini ya gari. Rejeta nayo haitaki maji ya kisima chochote kilicho karibu na bahari.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyomlipa. Nimeona mara nyingi. Mtu anakuja gari lake likigoma, fundi anasikiliza, anakaza nati moja ya bomba iliyokuwa inaingiza hewa, gari linapona kwa robo saa. Mwenye gari anauliza umebadilisha nini. Hakuna kilichobadilishwa, basi anatoa hela ya soda na kuondoka akiona ameonewa huruma. Fundi mwingine angemuuzia pampu, naye angelipa bila kinyongo kwa sababu angeona kitu cha chuma mkononi. Kijana wa spana anayaona haya yote. Ana sikio zuri. Wiki iliyopita alipewa bisibisi kwanza, fundi akasikiliza baada yake, na wote wawili wakataja silinda moja. Lakini kijana huyo ana hesabu zake, na hesabu ya kijana haijengwi kwa soda.

Basi ukifika kwenye gereji ya namna hii na pikapu yako, usianze na swali la bei. Zima redio. Mweleze lini tatizo lilianza, gari likiwa la moto au la baridi, tupu au na mzigo. Kaa kwenye benchi umwache asikilize. Na asipobadilisha hata nati moja, mlipe.